Siku ya Tatu Mpe Kitabu: Mwongozo wa Kukaa na Familia ya Kolkata

Kwetu Tanga tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kolkata, siku ya tatu, nilipewa kitabu. Mwenye nyumba, mwanamke aliyevuka miaka 70 ambaye jengo zima lilimwita Dida, yaani bibi mzaa mama, alikiweka kitandani kwangu pamoja na sahani ya mapera yaliyokatwa vipande na kunyunyiziwa chumvi na pilipili. Nikaanza na mapera. Akauliza, na kitabu je? Nikafungua kitabu. Akauliza, kwani mapera hayana utamu? Hakuondoka mlangoni mpaka alipohakikisha mkono mmoja uko kwenye sahani na mwingine unafunua kurasa.

Nilikaa kwa Dida miaka miwili, ghorofa ya pili, kusini mwa jiji, si mbali na soko la Gariahat, nikisomea shahada ya uzamili. Tangu nirudi, kila anayekwenda India kusoma au kupeleka mgonjwa huja kuniuliza habari za viza, joto na pilipili. Hayo utayamudu. Kitakachokuelemea ni mapenzi ya wenyeji wako, na hakuna anayekuandaa kwa hilo. Ndiyo maana naandika mwongozo huu. India ni bara zima. Haya ni ya Wabengali wa Kolkata, na ukishukia Chennai au Ahmedabad utakuta mambo mengine kabisa.

Anza na majina ya jamaa, maana hapo ndipo Mswahili hupotea akidhani yuko kwao. Kwa Kibengali, baba ni baba. Furahi kidogo, kisha jikaze. Mama ni mjomba. Kaka ni baba mdogo. Dada ni kaka mkubwa. Mama mzazi ni “ma”, dada mkubwa ni “didi”, mama mdogo ni “mashi”, shangazi ni “pishi” na baba mkubwa ni “jethu”. Kwa hiyo mtoto akipiga kelele ngazini kwamba Mama amefika na masharubu yake yamelowa mvua, kapokee mwavuli, umsalimie mjomba. Na ukisikia “khabar”, usijibu “nzuri”. Ni chakula, kimeiva, unaitwa. Habari kama zetu wao huita “khobor”, nazo pia zitakuja, lakini mezani.

Salamu hazitakupa taabu. Wazee wetu hutuambia kwamba shikamoo asili yake ni kushika miguu. Sisi tumebaki na neno, Wabengali wamebaki na tendo. Mdogo huinama, akagusa miguu ya mkubwa, kisha akapeleka mkono kwenye paji lake la uso. Mkubwa humwekea mkono kichwani. Taabu iko kwenye “wewe”. Wanazo tatu: “apni” kwa wa kuheshimiwa, “tumi” kwa aliyezoeleka, “tui” kwa mtoto wa ndani au rafiki wa chanda na pete. Dida aliniita “tumi” miezi minne. Siku niliyorudi na homa, akanivua viatu kwa mikono yake huku akinigombeza, akanitupia “tui” ya kwanza. Nililala nikitetemeka, na furaha juu.

Sasa tazama miguu yako mwenyewe. Nyumba ile ilikuwa na vitabu kila mahali: kabatini, chini ya vitanda, juu ya friji, vingine vimepangwa sakafuni kufuata ukuta wa ukumbi. Mguu ukigusa kitabu, hata kwa bahati mbaya, hata kikiwa cha hesabu za darasa la tatu, unainama, unakigusa kwa vidole, unavipeleka kwenye paji la uso. Ni kuomba radhi. Gazeti la jana lina haki hiyo hiyo. Wanaamini kwamba Saraswati, mungu wa kike wa elimu na muziki, yumo ndani ya kila kilichoandikwa. Mimi ni Mwislamu, na sikuhitaji kuamini hivyo ili nielewe. Nimelelewa katika nyumba ambamo msahafu hauwekwi chini. Kilichonigusa ni kuona heshima ile imeteremka mpaka kwenye daftari la mtoto lenye picha za paka.

Tukae mezani. Kosa la wageni wengi ni kushiba mapema. Mlo kamili wa Kibengali hauwekwi wote kwa pamoja watu wakachota. Unakuja kwa zamu, na kila zamu inadai wali wake. Unafunguliwa kwa uchungu: shukto, mchuzi wa mboga uliotiwa karela, kwa sababu uchungu huamsha tumbo. Hufuata dengu pamoja na kitu cha kukaanga, mara nyingi bilinganya. Kisha mboga. Kisha samaki. Kisha nyama, ikiwa ni Jumapili. Ukidhani mambo yamekwisha inaletwa chatne tamu ya nyanya au embe bichi, papadi juu yake, halafu mtindi mtamu uliogandia ndani ya chungu kidogo cha udongo, halafu kitamu kiitwacho rosogolla. Mgeni anayejimalizia kwenye dengu humhuzunisha mpishi kwelikweli. Teka wali kidogo, omba tena, wape nafasi ya kukuongezea, maana kuongeza ndiyo furaha yao. Kusema “nimeshiba” mara moja hakusikiki. Sema mara tatu na ufunike sahani kwa kiganja. Kijiko cha mwisho kitapita katikati ya vidole vyako.

Mtihani wenyewe ni ilish. Huyu ni samaki wa baharini anayepanda mito kwenda kutaga msimu wa mvua, na ifikapo Julai bei yake huzungumzwa kwenye basi kama matokeo ya mpira. Nyama yake laini ina mafuta mengi, hupikwa kwa haradali iliyosagwa, na ina miiba myembamba kama nywele, mingi kupita kiasi. Sisi watu wa pwani tumezoea changu na tasi, tunaamini miiba tunaijua. Iache imani hiyo mlangoni. Dida alivuta kiti akakaa ubavuni kwangu, akanionyesha. Usitafute mwiba kwa ulimi. Pasua kipande kwa kufuata mistari ya nyama, kichanganye na wali kidogo, tonge liwe dogo, kisha ulibonyeze kati ya dole gumba na kidole cha shahada mpaka uuhisi mwiba. Uvute taratibu, uuweke ukingoni mwa sahani. Vidole vyake vilikuwa vimeiva manjano mpaka kwenye kucha.

Alasiri ile alikuwa amemaliza hadithi ya upelelezi. Alipokuwa akinichambulia miiba alinisimulia, na kila nikimeza tonge aliongeza sentensi. Nikichelewa kutafuna, hadithi husimama. Maiti ilikutwa ndani ya treni, tonge. Sanduku lilikuwa limebadilishwa, tonge. Sikumbuki nilikula wali kiasi gani siku ile. Nakumbuka kwamba muuaji alipojulikana, ukingo wa sahani yangu ulikuwa umezungukwa na miiba pande zote, na Dida hakuwa amegusa chakula chake.

Pale ndipo nilipolielewa vizuri jambo ninalotaka ulibebe kutoka kwenye mwongozo huu. Kwetu kitabu tumekiachia shule. Kinaingia nyumbani kikiwa na adhabu nyuma yake, na mtihani ukipita kinafungiwa maandazi. Katika nyumba ile kitabu kilikuwa kazi ya bibi, kama kupika. Alikichambua, akakipoza, akakilisha. Hata lugha yao inakubali. “Sandesh” ni kitamu kinachotengenezwa kwa maziwa yaliyokatwa na kukamuliwa, na “sandesh” hiyo hiyo ni habari, ujumbe. Upendrakishore Ray Chowdhury alipoanzisha jarida la watoto mwaka 1913 aliliita Sandesh. Mwanawe Sukumar, mtunzi wa mashairi ya kuchekesha ambayo watoto wa Kibengali huyajua kwa moyo, akalirithi. Satyajit, mwana wa Sukumar, akalifufua mwaka 1961. Dunia inamjua Satyajit Ray kwa filamu. Kwa Dida alikuwa kwanza baba wa mpelelezi Feluda, aliyetokea mara ya kwanza mwaka 1965 ndani ya jarida hilo. Kitabu changu cha siku ya tatu kilikuwa cha Feluda huyo, kwa tafsiri ya Kiingereza.

Kuhusu rosogolla nakuonya jambo moja tu: usiulize nani aliigundua. Bengali Magharibi ilipata hati ya kulilinda jina la rosogolla yake mwaka 2017, jimbo jirani la Odisha likapata ya kwake mwaka 2019, na mjadala ukiuwasha saa mbili za usiku hutalala. Kula, sifu, nyamaza. Na ukijaliwa kuwepo majira ya baridi, utaletewa “nolen gur”, sukari guru mpya inayopikwa kwa maji matamu ya mtende mwitu. Jina la “guru” yetu limetoka India. Nilipomwambia Dida hivyo, aliwapigia simu dada zake wawili kuwapa taarifa.

Durga Puja, sikukuu ya mungu wa kike Durga, huangukia Septemba au Oktoba, na mwaka 2021 ile ya Kolkata iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa UNESCO. Kisa chake ni cha kifamilia: Durga ni binti aliyeolewa mbali, anayerudi kwao mara moja kwa mwaka akiwa na watoto wake wanne, Saraswati miongoni mwao. Kwa hiyo jiji zima linapokea binti. Mafundi wa mtaa wa Kumartuli hufinyanga masanamu kwa majani makavu na udongo wa mtoni, vijana husimamisha mahema makubwa ya mianzi na nguo kila mtaa, na kwa siku tano hakuna anayelala. Wewe vaa ndala imara, beba maji, shika mkono wa mtoto uliyekabidhiwa na usiuachie. Mimi ibada haikunihusu na hakuna aliyeniuliza. Nilibeba masinia, nikakuna nazi.

Lakini kwa nyumba ya wasomaji sikukuu huanza mapema zaidi, kwa redio. Siku ya Mahalaya, saa 10 alfajiri, utaamshwa. Usigome. Tangu mwaka 1931 redio ya taifa hurusha kipindi kinachosimulia jinsi Durga alivyomshinda zimwi nyati, kwa sauti ya Birendra Krishna Bhadra. Yeye alifariki mwaka 1991, sauti imebaki kwenye kanda. Mwaka 1976 redio ilijaribu kumweka Uttam Kumar, mwigizaji aliyependwa kuliko wote wa Bengali, na wasikilizaji wakakasirika mpaka sauti ya zamani ikarudishwa. Tulikaa gizani, chai mkononi, madirisha wazi, na kipindi hicho hicho kikisikika kutoka kila nyumba ya mtaa, kila redio ikichelewa kidogo nyuma ya mwenzake. Dida alikuwa akilia. Mjomba, yaani Mama, alikuwa akilia pia na akisingizia mafua.

Halafu matoleo ya sikukuu. Majarida makubwa ya Kibengali hutoa kila mwaka toleo nene la Puja lenye riwaya nzima nzima ndani yake, na Dida aliyanunua kabla hajafikiria sari mpya. Nyumbani kulikuwa na sheria: anasoma mkubwa kwanza, kisha anayemfuatia, mpaka mtoto wa mwisho. Mwaka wangu wa kwanza kitabu kilianza kutembea usiku. Asubuhi kikawa kinakutwa palepale kwenye kabati, alama ya ukurasa haijasogea, lakini Dida alisema kinanuka jikoni. Akakikagua ukurasa kwa ukurasa akiwa na miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Katikati ya riwaya ya pili akalikuta dole gumba la manjano, limekaa vizuri pembeni ya karatasi. Watu wote wa nyumba waliitwa kulinganisha vidole. Mama mwenye masharubu, mhasibu wa miaka 50, aliingia jikoni kunawa kabla zamu yake haijafika, na hiyo ikawa ndiyo hukumu. Alama ile haikufutwa. Kila mwaka hutolewa ikaonyeshwa wageni, nami nilionyeshwa wa kwanza.

Siku ya mwisho, kabla sanamu halijapelekwa kuzamishwa mtoni, wanawake walioolewa hupanda mmoja mmoja wakampangusa Durga uso, wakamgusisha vitamu mdomoni, wakamnong'oneza arudi mwakani. Binti haondoki kwao na njaa. Baada ya hapo huja siku za kutembeleana, kushika miguu ya wazee na kukumbatiana, na kila mlango una sahani ya vidonge vya nazi na sukari guru, ndugu wa kashata zetu. Kula kimoja kila nyumba, kingine kitafungwa ndani ya karatasi na kutiwa mfukoni mwako.

Saraswati hurudi peke yake Januari au Februari, na hiyo ndiyo siku niliyoipenda kuliko zote. Usile kunazi kabla yake. Ndiyo, kunazi hizi hizi tunazookota njiani tukitoka chuo; kule huitwa “kul”, na mtoto anayezionja kabla ya Saraswati kupewa zake huambiwa atafeli. Wasichana huvaa sari za manjano, wengi kwa mara ya kwanza, wakitembea kwa hadhari kama wamebeba maji. Mtoto mdogo wa nyumba hupakatwa, akashikishwa chaki, mkono wake ukaongozwa kuandika herufi ya kwanza juu ya ubao. Kidau cha udongo hujazwa maziwa badala ya wino na kuchomekwa kalamu ya tete, nayo huitwa “kolom”. Vitabu vyote vya wanafunzi hupangwa miguuni pa Saraswati, vya somo gumu juu kabisa, ili avibariki.

Na kwa kuwa vitabu viko kwake, siku hiyo kusoma ni mwiko. Watoto hufurahi kupita maelezo. Tulikula khichuri ya choroko zilizokaangwa, tukaimba. Lakini Dida! Kufika alasiri alikuwa ameshazunguka nyumba mara kadhaa, mikono nyuma, hana pa kuiweka. Mjukuu wake wa miaka saba alimfumania jikoni amesimama dirishani, ameshika chupa ya mafuta ya haradali, anasoma maandishi ya kibandiko kwa utulivu mkubwa. “Dida, leo kusoma mwiko!” Akaiweka chupa chini, akaigusa, akapeleka vidole kwenye paji la uso.

Ukienda College Street, nenda na begi tupu. Vibanda vya vitabu vimeshikana bega kwa bega pande zote mbili za barabara, vipya na vikuukuu, na duka la Dasgupta lipo tangu mwaka 1886. Taja jina la kitabu, muuzaji atachomoa kutoka chini ya lundo ambalo wewe ungeapa litaporomoka. Ukichoka panda Coffee House, agiza kahawa, kaa uongee kadiri unavyotaka; hakuna atakayekufukuza. Maongezi ya namna hiyo yasiyo na mwisho wanayaita “adda”, na nyumba za zamani za kaskazini mwa jiji zimejengewa ukingo wa kukalia mbele ya mlango kwa ajili yake. Wanauita “rowak”. Nilipouona mara ya kwanza nilikaa bila kukaribishwa. Ilikuwa baraza. Maonyesho ya vitabu ya majira ya baridi, yaliyoanza mwaka 1976, nayo yanahitaji siku nzima. Mwaka 1997 moto uliyateketeza katikati ya msimu, na siku chache baadaye yakafunguliwa tena, watu wakapanga foleni kununua.

Ukiwa Mwislamu usiogope Ramadhani katika nyumba ya Kihindu, kama ni nyumba kama ile. Sikumwomba Dida kitu. Usiku wa kwanza niliamshwa na mwanga chini ya mlango. Alikuwa jikoni, amepika wali, kiazi kilichopondwa na mafuta ya haradali, na yai. Hakujua daku huliwa saa ngapi, kwa hiyo alikuwa macho tangu saa 7 usiku, akisoma, asije akapitiwa. Alifanya hivyo siku 30.

Kuhusu kuondoka, jiandae kwa mizani ya uwanja wa ndege, kwa sababu begi litafunguliwa baada ya wewe kulifunga, na vitabu vitaongezwa. Na kuna neno moja ujifunze mapema. Teksi ya manjano ilikuwa inapiga honi, familia nzima imejipanga ngazini kwa umri. Nikashika miguu ya Dida, nikasema kwa Kibengali changu, “Jai.” Nakwenda. Akanishika kidevu. Hatusemi hivyo, akaniambia. Anayekwenda haagi kwa kwenda, husema “ashi”, nakuja. Nikamwambia hata kwetu mtu akitoka husema nakuja. Akafurahi, akanitia sandesh mdomoni kabla sijajibu lolote zaidi, akanifuta pembe ya mdomo kwa ncha ya sari yake.

“Ashi, Dida,” nikasema, mdomo umejaa.